Mama Mkwe Aliyeufuata Mti Wake

Kabla hujacheka, wewe unayenisikiliza, jua kwanza mimi ni mtu wa namna gani. Ni shemasi kanisani. Pombe sinywi. Kazi yangu ilikuwa ya ghala: kuinua masanduku, kuyapanga, kurudi nyumbani kulala. Homa sikuwa nayo, na usingizi nilikuwa nimeuzoea kuukosa. Na yule niliyekutana naye hakuwa mgeni kwangu. Nilikuwa nimeshika mpini wa jeneza lake kwa mkono wangu huu, nikamsindikiza mpaka kaburini, nikatupa udongo. Kwa hiyo usije ukaniambia labda nilimfananisha na mtu mwingine.

Jina lake sitalitaja. Kwetu, kule milimani Kivu ya Kusini, mwanamume halitaji jina la mama mkwe wake. Hali naye meza moja, hamtazami usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Bon, Amerika haina kichaka cha kuingilia. Tulipoletwa Louisville, mke wangu Rebeka alikuwa ndiye mtoto pekee aliyebaki kwa mama yake, sasa yule mama angeishi wapi? Aliishi nasi, mtaa wa Okolona, katika nyumba ndogo ya kupanga yenye ukumbi mwembamba. Kila asubuhi alikohoa kabla ya kufungua mlango wa chumba chake ili mimi nipate muda wa kuhama. Nilikula nimewapa mgongo. Tuliishi hivyo miaka, kwa heshima kubwa na kwa shida kubwa, na niamini, mpaka anakufa sikuwa najua macho yake yana rangi gani.

Mti ule aliununua kwa kosa. Rebeka alimpeleka dukani, mahali wanapouza maua na miche, akaona kijiti kikavu chenye karatasi. Rebeka akasoma, akaona neno Prunus, akasema, "Ni prini, Mama." Basi yule mama akapiga vigelegele palepale katikati ya Wazungu. Unajua sisi Kivu tukisema maprini tunawaza yale matunda mekundu kama yai, yenye mbegu nyingi, yanayokamuliwa maji. Kumbe hayakuwa hayo. Jirani mmoja aliyetazama ile karatasi akatueleza kuwa huo ni mti wa damsoni: plamu ndogo, nyeusi kama wino, kali mdomoni mpaka zipikwe na sukari. Rebeka akataka kuurudisha. Mama akakataa. "Umekwisha kuingia udongoni," alisema. "Mgeni akikosea nyumba, unamfukuza?"

Alikuwa ameupanda nyuma ya nyumba, kwenye jua. Akaufunga kwenye nguzo ili upepo usiuyumbishe. Maji ya kuoshea mchele, ya mti. Majani makavu ya jirani, ya mti, lakini hayakuruhusiwa kugusa shina. Ulianza kutoa maua meupe, machache, kisha baridi ya ghafla ikayaua. Yeye mwenyewe hakuona tunda hata moja. Moyo wake ulisimama mwaka 2015, majani yalipoanza kuchipua.

Sasa hapo ndipo taabu ilipoanzia. Rebeka hakulia, wala msibani, wala makaburini. Alirudi kazini kiwandani, akawa anatoka, anarudi, anaumwagilia mti, analala. Chakula alikigusa kwa ncha ya kijiko, na mwisho wa kiangazi tumbo likaanza kuonekana, mimba yetu ya kwanza. Nilikuwa nikimsemesha ananijibu neno moja. Wazee wa kwetu wana msemo kwamba maiti mpweke hurudi kumchukua mwenzake. Mimi ni mkristo, lakini nilizaliwa kabla sijabatizwa, unanielewa? Niliogopa.

Kisha mwenye nyumba akatuambia anaiuza. Kaka yangu alikuwa Buffalo, akanipigia simu: njooni, huku kuna kazi, na karibu na barabara ya Bailey kuna nyumba ya mbao ina uwanja nyuma, bei yake mtaiweza. Nikamwambia Rebeka. Akasema, "Tunaenda na ule mti, ao mimi sitoki hapa."

Nikasema sawa. Ningesema nini?

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja nilirudi kutoka kazini kulipokuwa kunapambazuka. Ukungu ulikuwa umekaa chini, umefunika nyasi. Rebeka alikuwa bado amelala. Nikachukua sepeto, nikaenda nyuma kuung'oa mti kabla sijalala. Majani yalikuwa yamekwisha kupukutika, umebaki vijiti, kimo chake kama mimi. Mimi ni mtoto wa ng'ombe. Nilikua nachunga, kulima sijui. Nikaweka sepeto karibu kabisa na shina, nikakanyaga, nikasikia mizizi inakatika, kra, kra.

"Mkwe. Unachimba sawa na mutu anatafuta panya."

Sauti ilitoka nyuma yangu, upande wa kulia. Je, nilishtuka? Nitakuambia jambo la ajabu: kabla ya kushtuka niliinamisha macho. Ndivyo mwili ulivyokuwa umezoea. Sauti ile, macho chini. Na chini, kwenye nyasi zenye umande, niliona viatu vyeusi vya kanisani, vyenye kifungo pembeni. Viatu vile nilivinunua mimi mwenyewe, kwa ajili ya jeneza. Havikuwa na tope hata kidogo.

Hapo sasa ndipo damu iliponiganda. Nikainua mkono nikapaza sauti, "Kwa jina la Yesu wa Nazareti, nakukemea, toka!"

"Amina," akajibu. "Bon, rudisha sepeto nyuma kwanza. Mizizi ya huu muti inaenda mbali."

Wewe ungefanyaje? Pepo haitikii amina. Hilo hata mchungaji wetu sikuwahi kumsikia akilieleza. Nikarudisha sepeto nyuma.

"Tena. Tena. Hapo. Sasa zunguka."

Nikachimba mfereji wa duara, mpana, kama anavyosema. Kila nilipokutana na mzizi mnene aliniambia nisiuvute, niukate kwa msumeno, ukate safi, mzizi uliochanika unaoza; matawi nisiyaguse mpaka kiangazi, kidonda cha baridi hakiponi. Nikaenda kuleta msumeno mdogo banda la nyuma, nikatamani nikirudi nisimkute. Nilimkuta. Akaniambia niingize sepeto chini, taratibu, kutoka pande zote, mpaka mti ulegee wenyewe. "Udongo ubaki umeshikana na mizizi. Usiutikise. Leta gunia, ulilowanishe." Nikaleta gunia, nikalilowanisha, nikafunga. Jasho lilinitoka kwenye baridi ile. Na muda wote huo naona viatu tu, na pindo la kitenge cha kijani tulichomzika nacho.

Nilipomaliza kufunga akashusha pumzi, kama mtu mzima anayetua mzigo.

"Viatu hivi vinanibana," akasema.

Nikasema, "Nisamehe, Mama. Nilinunua namba niliyoambiwa."

Nilipothubutu kusogeza macho, nyasi zilikuwa tupu.

Unajiuliza kwa nini sikumwita Rebeka. Dirisha la chumba chetu lilikuwa palepale, ningegonga kioo kwa mpini wa sepeto. Nilidhani namlinda. Nilijisemea, mjamzito haonyeshwi mambo kama haya, akimwona ataondoka naye. Nikaingia ndani, nikanawa, nikalala kimya.

Siku ya kuhama tulikodi gari la mizigo. Mti tuliulaza juu ya magodoro, gunia lake limefungwa tena kwa plastiki. Rebeka alikaa mbele, na njia nzima aligeuka nyuma kutazama kama mtu aliyemlaza mtoto. Tulilala Columbus, kwa mjomba wake, mtaa wa Whitehall, kwenye majengo yale ya apatimenti yanayofanana yote mpaka unapotea ukienda kutupa takataka. Mjomba alitaka tule, tuombe pamoja, ndipo tuendelee kesho yake. Jua lilipokuwa linazama nilishuka peke yangu kwenye maegesho kuhakikisha mlango wa gari umefungwa. Watoto walikuwa wanarusha mpira upande wa pili, mtu alikuwa anashusha mifuko ya sokoni. Hakukuwa na giza, na sikuwa peke yangu.

Alikuwa amesimama nyuma ya gari letu.

Safari hii miguu ilikuwa mitupu. Miguu mipana ya mkulima, yenye nyufa za kisigino, juu ya lami ya baridi.

"Iko na kiu," akasema. "Tangu asubuhi."

Nikachukua dumu la maji, nikafungua mlango wa nyuma, nikalowanisha gunia. Lakini swali lilikuwa limenikaa kifuani, na nilijua nisipouliza pale sitauliza tena.

"Mama," nikasema nikiwa nimeinamia gunia, "umekuja kumchukua Rebeka?"

Nikasikia mpira unadunda, unadunda.

"Nimuchukue nimupeleke wapi? Mimi mwenyewe sijui njia." Sauti yake ilipungua. "Inua kichwa, mkwe. Heshima ile niliiacha kule kwenye shimo. Nitazame."

Nikainua kichwa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo la kutisha, na hilo ndilo sitalisahau. Niliona mama mzee, mwenye kovu dogo juu ya nyusi, paji la uso ni la Rebeka kabisa, macho ya kahawia yaliyochujuka. Na macho yale yalikuwa na hofu. Mimi niliyekuwa natetemeka mbele yake tangu Louisville, kumbe mwenye kuogopa alikuwa yeye.

"Kule mulikoniweka," akasema, "wote wanaongea Kingereza. Hakuna anayeniamkia. Nikatoka nitafute nyumba, zote zinafanana. Kitu kimoja tu nilikijua, ni huu muti. Donc nikaufuata. Mukiupeleka mbali, nitaufuata tena, lakini si vizuri kwenda kwa mkwe bila kuitwa. Nilikaa kwako miaka na haya yangu. Sasa nakuuliza. Unaniruhusu?"

Fikiria. Shemasi, kwenye maegesho ya Whitehall, anaombwa ruhusa na marehemu. Nilimhurumia. Lakini pia nilimfikiria mtoto aliyeko tumboni, nikafikiri maneno ya mchungaji, nikafikiri yale ya wazee. Nikatafuta njia ya katikati, kama wanaume tunavyopenda.

"Ndani hapana, Mama," nikasema. "Kuna mtoto anakuja. Lakini uwanjani, pale mti utakapokuwa, karibu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kidogo kuliko alichoomba lakini ameshukuru.

"Aksanti, mkwe."

"Unaongea na nani huko?" Mjomba aliniita kutoka kwenye ngazi. Nikageuka. Nikamjibu ninaongea na simu. Nilipomtazama tena, hakuwepo.

Tukafika Buffalo. Ardhi ilikuwa bado haijaganda. Nilichimba shimo kwenye jua, mbali na ukuta. Niliutazama ule mstari wa udongo kwenye shina nikahakikisha mti hauingii chini kuliko ulivyokuwa. Nikasimika nguzo upande upepo unakotoka, nikafunga kwa kitambaa, nikatandaza majani makavu kuzunguka bila kugusa shina. Rebeka alisimama na koti lake, ananitazama. Nikachukua mkasi nipunguze tawi moja lililovunjika, kisha nikasita, nikasema, "Hapana, tungoje kiangazi, wakati huu kidonda chake hakitapona."

Rebeka akasema, "Nani alikufundisha?"

"Nini?"

"Wewe hujui kupanda hata kitunguu. Haya ni maneno ya Mama. Nani alikufundisha?"

Ningeweza kudanganya. Nilimweleza. Nilimweleza yote, palepale, na udongo mikononi: viatu, amina, gunia, Whitehall, kovu juu ya nyusi. Nilipotaja kovu alishika nguzo. Nilidhani ataanguka. Nilidhani atasema nimerukwa na akili.

"Kwa nini wewe?" akasema. "Mimi ni mutoto wake. Kwa nini alikuja kwako?"

Nikapangusa udongo mikononi.

"Nilikuwa ndani! Mara zote mbili nilikuwa karibu! Ulishindwa kuniita?" Kisha nikaona uso wake unabadilika. "Ulimwambia nini? Ulimwambia mama yangu alale nje?"

"Rebeka..."

"Ulimwambia mama yangu alale nje, Buffalo?"

Mwanamke ambaye kwa miezi alinijibu neno moja, siku ile alipiga kelele mpaka majirani wakatoka vibarazani. Alinipiga kifuani kwa ngumi, kisha akakaa chini kwenye udongo, na akalia. Alilia kilio ambacho hakukilia msibani. Nilimfunika koti langu nikakaa kando yake mpaka kulipoingia giza. Usiku ule alikula sahani nzima ya ugali na maharage, macho yamevimba, bila kunitazama.

Theluji ilishuka muda mfupi baadaye. Kama hujawahi kuishi Buffalo, siwezi kukueleza ule upepo unaotoka ziwani. Rebeka alichukua blanketi la mama yake, lile la madoa ya kahawia, akatoka nalo na gunia na kamba, akauvika mti kuanzia chini. Jirani yetu, mzee mmoja Mmarekani mweusi aliyekuwa akisafisha njia yake, akamwambia kwa upole kwamba mti wa damsoni ni mgumu, baridi haiwezi kitu, hauhitaji kufunikwa.

Rebeka akamjibu kwa Kiingereza chake, "Si mti ninaoufunika."

Yule mzee alimtazama kidogo. Akaweka chini koleo lake, akaja akamshikia kamba.

Na kila jioni, mimba ile kubwa, Rebeka alifungua mlango wa nyuma, baridi ikaingia jikoni kama maji, akaita, "Mama, ingia." Alingoja, kisha akafunga. Mimi nilikaa mezani. Hata mchungaji sikumwambia. Ungeniambia nimkataze, ningemkatazaje? Neno la kufukuza lilitoka mdomoni mwangu, na mimi mwenyewe nilijaribu kulirudisha. Nilikwenda mtini mchana, nikavua kofia, nikasema, "Mama, nilikosea mpaka. Nyumba ni yako." Theluji ilianguka tu. Sikuwahi kumwona tena, wala Rebeka hakumwona kamwe. Je, aliingia? Je, bado yuko nje? Je, alipata mwingine wa kumwamkia? Sijui. Watu huniuliza kama naogopa kwamba alikuja. Usingizi naukosa kwa sababu nyingine: sijui kama aliingia.

Mtoto wetu alizaliwa salama, msichana, mwenye sauti. Rebeka alirudi kuwa mtu wa maneno mengi, namshukuru Mungu, ingawa kuna jambo moja baina yetu ambalo hatuligusi, na tukiligusa linauma kama jino. Mti ulishika. Tuliupogoa kiangazi, tuliung'olea machipukizi yaliyokuwa yanajitokeza kwenye nyasi, moja tukampa yule mzee jirani. Mwaka wa pili wa Buffalo ulitoa maua meupe kila tawi, na mwisho wa kiangazi tukapata matunda, bakuli na nusu, meusi yenye vumbi la bluu. Nilionja moja bichi nikatema, Rebeka akanicheka. Akayapika na sukari, jiko zima likanukia, akapakua sahani moja ya kwanza, akatoka nayo nje, akaiacha kwenye ngazi. Asubuhi ilikuwa tupu. Huku kuna wanyama wengi wa usiku, sitakuambia zaidi ya nilichokiona.

Sasa nisikilize, hili ndilo nililotaka kukuambia, mengine yote yalikuwa njia ya kufika hapa. Siku moja, na haitanishangaza ikiwa ni mchana kweupe, huenda ukakutana na marehemu. Usikimbie, wengine wamepotea tu. Mwamkie. Lakini mtazame vizuri ujue ni marehemu wa nani. Na akikuomba jambo, hata dogo, hata la kusimama uwanjani kwako, usimjibu peke yako kwa akili zako. Kimbia, gonga dirisha, mwamshe mwenye mtu wake. Mwambie aje na nguo za kulalia, aje bila viatu, lakini aje. Neno utakalompa aliyekufa halifutiki. Aliye hai ndiye atakayekaa nalo nyumba moja, na wewe utakaa naye.